Kisanduku cha Barua: Niliyojifunza Nikiwa Muuguzi Ujerumani

Watu walionishauri kabla sijaondoka Moshi mwaka 2019 walizungumzia baridi, upweke na chakula, na kila mmoja wao alikuwa na neno la kweli. Hakuna hata mmoja aliyenitajia kisanduku cha barua. Nilikwenda Ujerumani, katika mji mmoja wa jimbo la Sachsen, nikiwa na stashahada ya uuguzi, uzoefu wa miaka minne wodini, cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B2 na mkataba wa kazi wa hospitali. Baridi niliizoea kwa majira mawili. Upweke ulipungua nilipopata marafiki. Jambo lililonigharimu fedha, usingizi na mwishowe kitu ambacho hakiwezi kurudishwa, lilikuwa ni karatasi zilizokuwa zikitumbukizwa katika kisanduku cha bati pale chini, kwenye mlango wa jengo nililoishi. Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wetu wanaokwenda huko sasa kwa wingi, hasa wauguzi, kwa sababu naona wanafundishwa lugha vizuri kuliko sisi tulivyofundishwa, lakini bado hawaelezwi kwamba katika nchi ile maisha ya mgeni huendeshwa kwa barua.

Kwetu barua haina uzito wa namna hiyo. Nilikua nikijua S.L.P. ya usharika wetu, ambayo ilitumiwa na nusu ya kijiji, na mtu akipata barua mchungaji alimtangazia Jumapili baada ya ibada. Ukihitaji kuthibitisha unakoishi unakwenda kwa mtendaji wa kijiji, naye anakuandikia barua ya utambulisho kwa kuwa anakufahamu wewe na wazazi wako. Hata zoezi la anwani za makazi, lililoweka namba kwenye nyumba na majina kwenye barabara nchini kote, lilifanyika mwaka 2022 nikiwa tayari nimeondoka. Jambo likiwa zito, mtu anatumwa aje akuambie. Kwa hiyo nilichukua mazoea hayo nikaenda nayo, nikiamini kwamba mtu mwenye shida nami atanitafuta mpaka anipate.

Ujerumani ukihamia katika nyumba unatakiwa kusajili makazi yako katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, ukiwa na hati iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kweli. Wao wanaiita Anmeldung, na Waswahili wa huko wanaitaja kwa jina hilohilo. Hilo nililifanya siku ya tano. Nisichokifanya ni kubandika jina langu kwenye kisanduku cha barua. Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya watu watatu, na kisandukuni palikuwa na jina la mpangaji mwenzangu na la mtu mwingine aliyekwisha kuhama zamani. Mleta barua wa kule hamuulizi jirani kama mtu fulani anaishi hapo, bali anasoma jina, na asipoliona anairudisha barua ilikotoka. Kumbe katika wiki zile za mwanzo kila kitu kilikuwa kikitumwa kwa njia hiyo: kadi ya bima ya afya, kadi ya benki, namba ya siri ya kadi hiyo katika bahasha yake ya peke yake, na namba ya kodi yenye tarakimu 11 ambayo mtu hupewa mara moja tu maishani. Kadi ya benki niliifuatilia kwa kuwa nilikuwa na njaa nayo. Namba ya kodi sikujua hata kwamba ipo. Mwajiri alivumilia miezi mitatu, na mwezi wa nne nikakatwa kodi ya daraja la sita, ambalo ndilo la juu kuliko yote, mshahara ukaja umepungua kiasi kwamba nilidhani wamekosea jina. Fedha hizo zilirekebishwa baadaye, lakini mwezi ule nilimpigia mama simu kumweleza kwamba sitaweza kutuma ada ya mdogo wangu, nami nilikuwa nimeahidi mbele ya ukoo.

Hapo niseme neno kuhusu mshahara, kwa sababu vijana wengi husaini mkataba wakiwa wanatazama namba isiyo yao. Kiasi kinachoandikwa kwenye mkataba ni kabla ya makato, na kwa mtu asiye na ndoa wala watoto karibu theluthi moja huondoka kwa kodi, pensheni, bima ya afya, bima ya ukosefu wa kazi na bima ya matunzo ya uzeeni. Usimwahidi mtu yeyote fedha mpaka uwe umepokea hati za mshahara za miezi mitatu.

Katika hati yangu ya kwanza niliona pia kato dogo ambalo sikulielewa. Siku ya kusajili makazi niliulizwa dini yangu, nami nikajibu kwa fahari kwamba mimi ni Mlutheri, kwani kanisa letu la Uchaggani lilikuzwa na wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na bibi yangu alikuwa akiwataja kana kwamba walikuwa majirani. Jibu lile liliandikwa kwenye rejista, na kuanzia siku hiyo nikawa mlipaji wa kodi ya kanisa, ambayo katika jimbo la Sachsen ni asilimia 9 ya kodi ya mapato. Wenzangu kadhaa walijiondoa kanisani kwa hati rasmi ili kuikwepa. Mimi nimeendelea kuilipa hadi leo na sijutii, ila ningependa kuwa nimeichagua nikiwa ninajua.

Mwaka ule ule zilianza kuja barua za ada ya utangazaji, ambayo wakati huo ilikuwa euro 17.50 kwa mwezi na tangu Agosti 2021 ni euro 18.36. Nilizitupa mbili za kwanza, nikiwa na hakika kwamba ni utapeli, kwa maana sikuwa na televisheni wala redio. Ada ile haidaiwi kwa sababu ya televisheni. Hudaiwa kila nyumba, na anwani yako inafika kwao kutoka kwenye usajili wa makazi. Jambo ambalo wageni hawaelezwi ni kwamba nyumba moja inalipa mara moja tu, hata wakiishi humo watu wanne. Mpangaji mwenzangu alikuwa akilipa tayari, na kilichotakiwa kwangu ni kujibu tu kwa kuandika namba yake ya mlipaji. Kwa kutojibu nilitozwa malimbikizo ya miezi minane pamoja na faini ya kuchelewa.

Ninayaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu yote yana sura moja, nami nilichelewa sana kuiona. Nilidhani kila moja ni bahati mbaya ya peke yake. Nilipata fundisho la kweli mwaka 2021, katika bahasha ya manjano.

Nilikuwa nimejiunga na mafunzo ya Kijerumani cha kitabibu kwa njia ya mtandao, kwa mkataba wa miezi 12 uliojirefusha wenyewe kwa mwaka mwingine usipousitisha miezi mitatu kabla. Mikataba ya namna hiyo ilikuwa mingi. Sheria ililegeza jambo hilo kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia tarehe 1 Machi 2022. Nilipoona sihitaji tena mafunzo nilipiga simu, nikazungumza na kijana mwenye adabu, akaniambia kwamba amenielewa, nikaagana naye nikiwa nimeridhika. Kwetu hilo lingetosha. Mtu mzima akisema amekuelewa, neno lake limekwisha kuwa jambo. Nikazuia malipo benki. Zikaja barua za kukumbusha, nami nikaziweka juu ya jokofu kwa kuwa moyoni nilikuwa nimemalizana nao. Kisha ikaja bahasha ya manjano, ambayo mleta barua alikuwa ameiandika tarehe kwa kalamu juu yake, nayo nikaiweka pale pale pamoja na matangazo ya maduka.

Dada mmoja wa Mombasa, aliyekuwa amekaa Ujerumani miaka kumi na sita, alikuja kunitembelea akaiona. Hakukaa. Aliichukua akaniuliza imefika lini, nami nikasema labda wiki tatu. Akasema: “Mdogo wangu, hii si barua ya biashara. Hii imetoka mahakamani, na ile tarehe iliyoandikwa juu ndiyo saa yako ilipoanza kuhesabiwa.”

Alikuwa sahihi kabisa. Bahasha ya manjano huwa na waraka unaopelekwa kisheria, na sheria inahesabu kwamba umeupokea siku ulipotumbukizwa kisandukuni, uwe umeufungua au hukuufungua, uwe nyumbani au uwe Tanzania kwenye likizo. Waraka wangu ulikuwa amri ya mahakama ya kulipa deni, nao unampa mdaiwa wiki mbili za kuweka pingamizi kwa kutia alama kwenye fomu iliyoambatanishwa. Hata sababu huhitaji kuandika. Wiki mbili zilikuwa zimepita. Ilibaki hatua moja zaidi, kwani baada ya amri ile huja nyingine yenye wiki mbili zake, lakini nilipokwenda kwenye kituo cha ushauri wa watumiaji mshauri aliniuliza kama nina uthibitisho wa kusitisha mkataba, nami sikuwa na chochote isipokuwa sauti ya yule kijana masikioni mwangu. Nililipa zaidi ya euro 500.

Tangu siku hiyo sijasitisha jambo kwa mdomo. Naandika, natia saini, natuma kwa barua ya rejista na kuhifadhi risiti ya posta pamoja na nakala. Nilipohama nyumba mwaka 2023 nilimpelekea mwenye nyumba notisi ya miezi mitatu kwenye karatasi yenye saini ya mkono, kwa kuwa notisi ya nyumba iliyotumwa kwa simu au kwa barua pepe haina nguvu huko, hata kama mwenye nyumba ameijibu kwa maneno mazuri. Siku ya kukabidhi funguo tulipita chumba kwa chumba tukiandika hali ya kuta, sakafu na namba za mita. Dhamana yangu yote ilirudi. Niongeze kwamba dhamana haiwezi kuzidi kodi ya nyumba ya miezi mitatu isiyojumuisha gharama za joto na maji, na sheria inakupa haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, jambo ambalo lingenisaidia sana mwanzoni nilipokopa ili niilipe kwa mkupuo.

Lakini fundisho la bahasha ya manjano nililichukua nusu. Nilianza kuogopa manjano, na nyeupe nikaendelea kuzirundika, nikijiambia kwamba zikiwa na uzito zitakuja na rangi.

Mwishoni mwa mwaka 2022 nilikuwa nikifanya zamu za usiku mfululizo, maana wodi ilikuwa na upungufu wa watu. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kinaisha tarehe 5 Desemba. Nilikuwa nimeandika mapema kuomba miadi, na jibu likaja kwa posta, katika bahasha nyeupe ya kawaida, likinitaka nirejeshe fomu iliyotiwa saini pamoja na nakala ya mkataba na hati za mshahara kabla ya tarehe ya kuisha. Mimi nilikuwa nasubiri barua pepe. Bahasha ile niliifungua Jumanne ya tarehe 13 Desemba, asubuhi, nikiwa nimetoka zamu. Nilituma kila kitu siku hiyo hiyo.

Ijumaa ya tarehe 16 kaka yangu alipiga simu. Baba alikuwa amefariki alfajiri.

Nilikwenda ofisini nikiwa na sare ya kazi. Afisa aliyenipokea alikuwa mpole, na sina la kumlaumu. Alinieleza kwamba ningeomba kabla ya kibali kuisha, kibali kingeendelea kuhesabika kuwa hai mpaka uamuzi utoke, na angeweza kunipa cheti cha kusafiria na kurudi. Kwa kuwa niliomba siku nane baada ya kuisha, jambo hilo halikuwa la moja kwa moja tena. Lilihitaji uamuzi wa mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa likizo ya Krismasi. Kutoka ningetoka. Kurudi hakuna aliyeweza kunihakikishia. Nyumbani waliniuliza kama wasogeze mazishi, kwa sababu kwetu mwili unaweza kumsubiri mtoto aliye mbali, na nilijua kwamba wangesubiri wiki nzima bila kunung’unika. Sikuwa na tarehe ya kuwapa. Nikawaambia wasisubiri. Baba alizikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo wetu, tarehe 21, na mimi niliona udongo ukimwagwa kupitia simu ya binamu yangu, picha ikiganda kila mara kwa sababu ya mtandao wa mlimani. Cheti changu kilifika tarehe 28.

Sitaki kijana yeyote apite hapo. Kwa hiyo nieleze kwa makini. Ombi la kuongeza kibali lipelekwe kabla ya tarehe ya kuisha, hata kama miadi imepangwa miezi mitatu baadaye, na liwe na ushahidi wa tarehe. Ukipewa cheti cha kusubiri uamuzi, usisafiri kabla hujasoma kisanduku kipi kimetiwa alama ndani yake, kwa sababu kuna aina inayokuruhusu kutoka na kuingia tena na kuna aina isiyokuruhusu, na karatasi zote mbili zinafanana kwa mtazamo wa haraka. Angalia vilevile pasipoti yako, kwani kibali hakitolewi kupita uhai wa pasipoti, na kupata mpya kupitia ubalozi wetu wa Berlin ni safari na muda. Mimi sasa huanza kushughulikia pasipoti mwaka mmoja kabla.

Baada ya msiba nilitafuta msaada ambao ulikuwapo siku zote nami sikuujua. Kuna huduma ya ushauri kwa wahamiaji watu wazima, inayogharamiwa na serikali ya shirikisho na kuendeshwa na mashirika kama yale ya makanisa, Caritas na Diakonie, nayo haina malipo. Unakwenda na mfuko wako wa barua, mshauri anazipanga mezani moja moja, anakuonyesha ipi inataka jibu na kufikia lini. Mara ya kwanza nilikwenda na bahasha 31. Nilikuwa na aibu kama mgonjwa aliyeficha kidonda. Mama yule hakunishangaa. Alinipa faili lenye vigawanyo na kunifundisha kuandika kwenye kila bahasha siku iliyofika, kwa mkono wangu, kabla ya kupanda ngazi. Kwa barua za maamuzi ya ofisi za serikali alinifundisha kutazama kwanza ukurasa wa mwisho, kwa kuwa aya ya chini kabisa ndiyo huonyesha haki ya kupinga, na mara nyingi muda wake ni mwezi mmoja. Programu za kutafsiri kwa kamera ya simu zinafaa kukuambia barua inahusu nini. Zisikuamulie jambo la tarehe wala la haki, maana nimeona neno la pingamizi la kisheria likitafsiriwa kama ubishi wa kawaida, na aliyelisoma akadhani anaonywa asigombane.

Leo nina kibali cha kudumu, nilichokipata mwaka 2024 baada ya sheria kupunguza muda wa wenye taaluma hadi miaka mitatu. Tangu tarehe 27 Juni mwaka huohuo Ujerumani inaruhusu mtu kuwa raia bila kuacha uraia wake wa kwanza, na wenzangu kutoka nchi jirani, zikiwemo Kenya na Uganda, wamejaza fomu kwa furaha. Mimi nimesita. Tanzania bado hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na kwa miaka mingi asiye raia hakumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kihamba alichozikwa baba kimegawanywa kwetu watoto watatu. Rafiki mmoja ananiambia nisifikirie udongo, nifikirie pensheni, na simlaumu, kwa kuwa ana watoto waliozaliwa kule na mimi sina. Lakini nikikumbuka picha ile iliyoganda kwenye simu, sioni namna ya kutia saini karatasi itakayonifanya mgeni mahali pale. Kila anayefikia hatua hiyo aketi na ndugu zake kwanza, na aulize sheria ya nchi zote mbili, asiishie kwenye ile ya nchi anayoishi.

Mwezi Aprili mwaka huu wodi yetu ilipokea wauguzi wawili wapya, mmoja kutoka Kisumu na mwingine kutoka Iringa. Jumamosi ya kwanza niliwapelekea pilau, tukala, kisha tukashuka wote watatu hadi mlangoni nikiwa na gundi na karatasi nilizoziandika kwa herufi kubwa. Yule wa Iringa aliniuliza kama jina la ukoo pekee linatosha. Nilimwambia aandike kama lilivyo kwenye pasipoti, yote matatu.